Alama ya Chaki Kwenye Puli

Ulikuwa mwaka ule mvua zilipokatika mapema. Hapana, nasema vibaya. Mwaka mvua zilipokatika ndio trekta lilipokamata. Kulifungua kulikuja mwaka wa tatu baada ya hapo, mwaka upepo ulipoezua bati za shule, na fundi mwenyewe akiulizwa huhesabu kwa vidole, husita kwenye kidole cha kati, kisha hukubali kuwa ni huo. Basi na tushike huo.

Fundi huyo watu walimwita Keshokutwa. Ukimpelekea pampu, njoo keshokutwa. Ukimpelekea mashine ya kusaga, njoo keshokutwa. Si kwamba alikuwa mvivu. Chuma, alikuwa akisema, ni kama mtu aliyenuna: ukimvuta mkono anazidi kununa, ukikaa kimya karibu naye atafungua kinywa mwenyewe. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye tangu wote wawili walipofiwa na wenzao wa ndoa, alisema maneno hayo ni uvivu uliovaa suti.

Karakana yake ilikuwa kontena moja kuukuu kando ya barabara, limetobolewa dirisha kwa msumeno, ndani mna benchi, jiliwa la kubania vyuma, na makopo ya skrubu ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Alikuwa na mambo yake mawili. La kwanza, sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa makelele ya mashine, kwa hiyo injini aliisikiliza kwa bisibisi ndefu: ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaukandamiza kwenye sikio la kulia, macho anafumba. La pili ni chaki. Haikukosekana mfukoni mwa shati lake. Kila alichokifungua alikitia alama, ili akikirudisha kikae kama kilivyokuwa. Alitia alama mpaka pipa la maji na chupa ya chai.

"Siku moja nitaamka," dada mtu alisema, "nikute mstari kwenye paji la uso."

"Nitajuaje kama umegeuka?" Keshokutwa akajibu.

Jumatatu moja asubuhi akaja mwanamke mlangoni pa kontena, khanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka mbio. Alikuwa mke wa mkulima mmoja wa ng'ambo ya daraja, na mkulima huyo alikuwa rafiki wa Keshokutwa tangu walipokalia dawati moja shuleni wakigawana kalamu. Ndiyo maana wakaitana shemeji. Lakini tangu rafiki apigwe na kiharusi, miaka mitatu, Keshokutwa alikuwa amekwenda kumwona mara mbili tu. Hakujua namna ya kukaa na mtu asiyejibu.

"Shemeji, trekta linakatwa Jumamosi," mwanamke akasema, hata salamu hakutoa.

"Linakatwa na nani?"

"Mdogo wake mume wangu amepata mnunuzi wa vyuma chakavu. Wanakuja na mitungi ya gesi, walikate pale pale bandani. Anasema likizunguka kabla ya hapo, basi, litabaki. Lisipozunguka, nyumba siyo makaburi ya chuma."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe hajasema neno tangu siku ile. Lakini anasikia, shemeji. Chumba chake na banda vinagawana ukuta mmoja. Akilisikia lile trekta linakatwa vipande, mimi nitakuwa sina mgonjwa tena. Nitakuwa na maiti."

Keshokutwa akafungua kinywa. Dada yake, aliyekuwa akipepeta mchele nje, akamuwahi.

"Leo Jumatatu," akasema. "Usije ukasema lile neno lako."

Trekta lilikuwa bandani, limekalia matairi yaliyokwisha pumzi, rangi yake nyekundu imepauka kama kovu. Banda lilinuka magunia na mikojo ya panya. Injini imekamata, maana yake pistoni zimeng'ang'ania ndani ya silinda na hazipandi wala hazishuki. Watu wenye haraka hulivuta trekta kama hilo kwa jingine, na kinachopatikana ni chuma kilichovunjika ndani. Keshokutwa hakuwa mtu wa hivyo. Alitoa nozeli zote nne za kupulizia dizeli, akamimina kila tundu mchanganyiko wake wa dizeli, oili na mafuta ya breki, glasi moja moja, kama mtu anayenywesha wagonjwa wodini. Halafu akachomeka mtarimbo kwenye nati ya puli, lile gurudumu dogo la mkanda mbele ya injini, akaurefusha kwa bomba mpaka ukawa urefu wa mtu na nusu, akauegemea kwa uzito wake wote.

Ni kama aliegemea ukuta.

Akachora mstari wa chaki kwenye puli, na mwingine kwenye mwili wa injini, ikutane ncha kwa ncha. Injini ikilegea hata unywele, mistari itaachana. Kisha akaweka bisibisi sikioni kusikiliza mafuta yakishuka. Mafuta yakishuka kupita ringi za pistoni hutoa mchirizo mdogo, na sauti hiyo aliijua kama alivyojua kikohozi cha dada yake. Akaisikia. Ila baada ya mchirizo kushuka, alisikia mchirizo kupanda. Ukashuka tena. Ukapanda.

Mafuta hayapandi. Alitoa bisibisi, akaifuta kwa shati, akaiweka tena. Palikuwa kimya. Akajiambia sikio la kulia nalo limeanza kumfuata mwenzake, akafunga banda kwa kufuli yake mwenyewe, ufunguo akauning'iniza shingoni, akaenda nyumbani.

Jumanne asubuhi mistari ilikuwa imeachana kwa upana wa kidole.

Alifurahi kwanza, kama fundi yeyote. Akashika mtarimbo, akaegemea. Ukuta ule ule. Akapiga magoti, akatazama vizuri, na furaha ikamtoka taratibu. Injini ya trekta lile ilizungukia upande mmoja tu, kama zote. Mstari ulikuwa umehama kwenda upande mwingine. Puli ilikuwa imerudi nyuma.

Labda nilichora vibaya, akawaza, ingawa miaka arobaini hakuwahi kuchora vibaya. Akafuta chaki. Akachukua patasi, akachonga alama kwenye chuma chenyewe, hapa na hapa. Akamimina mafuta mapya. Akatoka, na kabla ya kufunga akazoa vumbi la mavi ya mbuzi na kulimwaga sakafuni, akaufunga mlango nyuma ya nyayo zake.

Jumatano nyayo zilikuwa zake tu. Na alama ilikuwa imerudi nyuma kidole kingine.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiitazama ile puli mpaka mke wa rafiki yake alipoleta chai.

"Shemeji, nani anaingia humu nikiondoka?"

"Ufunguo si unao wewe?"

"Ninao."

"Basi labda unaingia wewe." Akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Kuna nini?"

"Hakuna. Hebu nieleze siku ile ilikuwaje. Sijawahi kukuuliza."

Mwanamke akakaa kizingitini, kisahani cha kufunikia kikombe mkononi.

"Alikuwa analima kile kipande cha chini, kile cha kando ya korongo. Mimi nipo jikoni, nasikia trekta. Ukiishi na trekta miaka, hulisikii tena, ila likibadilika. Likabadilika. Badala ya kwenda na kurudi, sauti ikawa moja tu, haiendi haiji. Nikatoka. Nikamwona kwa mbali anazunguka. Anazunguka duara, shemeji, anakata kushoto tu, jembe limeteremshwa, duara juu ya duara. Nikasema huyu ana mchezo gani. Nikaita. Nilipokaribia nikaona kichwa kimelala bega hili, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umeng'ang'ania usukani. Macho yananitazama kila akinipita. Ananipita, ananitazama, anakwenda, anarudi ananitazama."

"Hukuweza kurukia?"

"Na jembe nyuma? Nilikimbia pembeni yake nalia. Na duara linasogea, kila mzunguko linasogea kwenye korongo. Lilibaki kama hatua sita. Ndipo trekta likasimama. Halikukohoa, halikutoa moshi. Lilisimama kama mtu aliyeshikwa mkono. Wakaja watu kumtoa. Vidole ilibidi tuvikunjue kimoja kimoja."

Keshokutwa akanywa chai, ikampita kooni bila ladha.

"Si maji yaliisha, injini ikachemka?"

"Mdogo mtu mwenyewe ndiye aliyefungua rejeta jioni ile. Yalijaa ndoo mbili. Vuguvugu tu, nilioshea miguu yake."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi, nzito, na imejaa mpaka alama ya juu. Injini yenye maji na oili haikamati. Ni kama kusema mtu amekufa kwa njaa na sahani imejaa mbele yake.

Alikwenda kukitazama kile kipande cha chini. Miaka mitatu hapajalimwa, majani yamefika magotini, na bado duara zilionekana, moja ndani ya nyingine, zikisogea pembeni. Alizifuata kwa miguu kidogo. Alipogundua kwamba anazunguka kwa upande ule ule, kushoto, aliacha, akakata moja kwa moja hadi njiani.

Alhamisi kidole cha tatu. Safari hii hakutaka kubaki na mashaka. Alifungua silinda hedi yote, kile kifuniko cha juu cha injini, kazi ya nusu siku, nati kwa nati, kila moja na alama yake, akaingiza tochi. Alitegemea kuona makovu na kutu, pistoni zimeungua kingo. Kuta za silinda ziling'aa kama kioo cha kinyozi. Aliona uso wake ndani, mara nne. Hapakuwa na kitu kilichoshika pistoni zile. Akaweka kipande cha mti juu ya moja na kugonga kwa nyundo kwa adabu. Haikutikisika. Zilishikwa, na hapakuwa na mshikaji.

Mchana mke wa rafiki yake akaja mbio, na leo alikuwa anatabasamu.

"Shemeji, njoo umwone mwenzako."

Chumba kilikuwa safi, kina kitanda, beseni, kiti kimoja na dirisha dogo. Rafiki alilala akitazama ukuta wa upande wa banda. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya kuku. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka. Mara zile mbili alizokuja, Keshokutwa aliukumbuka mkono ule ukiwa ngumi, umepinda vile vile kama uko kwenye usukani.

"Kila siku nampaka mafuta nauvuta, miaka mitatu, haukubali," mke akasema. "Jumanne kidole kimoja kikafunguka chenyewe. Jana cha pili. Leo tazama. Ni hizo sauti za kazi yako, shemeji. Anakusikia."

Vidole vitatu vilikuwa vimenyooka juu ya shuka. Viwili bado vimejikunja.

Keshokutwa alisema ni vizuri, ni jambo la kumshukuru Mungu. Alimshika rafiki yake bega, akamwambia maneno mawili matatu ya utotoni, ya kalamu na dawati. Macho ya mgonjwa hayakutoka ukutani.

Jioni akala kidogo sana, mpaka dada yake akasogeza sahani.

"Ama wali wangu umeharibika, ama wewe."

Akamweleza yote. Dada mtu alikuwa na mzaha kwa kila jambo, alifanya mzaha hata msibani kwa mumewe, na Keshokutwa alisubiri uje. Haukuja.

"Kwa hiyo unaogopa nini?" akauliza.

"Kwamba kilichoshika trekta ndicho kilichomshika yeye. Nikikiachisha huku, kitamwachia na kule. Sijui ataamka ama ataondoka."

Dada yake akakusanya vyombo kwanza, akavipanga.

"Jumamosi mitungi inakuja," akasema. "Ukikaa ukiogopa, atasikia gesi ikikata. Kama ni kuondoka, aondoke akisikia trekta lake au akisikia hiyo gesi? Wewe ndiye uliyeitwa. Kamalizie kazi ya watu."

Ijumaa alama ilikuwa imerudi kidole cha nne, na akaona kwamba ilikuwa imekaa pale pale pa kuanzia mwendo, pistoni ya kwanza juu kabisa, mahali fundi angeipanga mwenyewe kama angeweza. Alirudisha hedi, akakaza nati kwa zamu. Akachomeka mtarimbo. Hakuuegemea, aliugusa tu. Injini ikazunguka kwenda mbele, laini, kama mlango wa nyumba inayokufahamu. Akaizungusha mara ya pili, ya tatu. Akapaza sauti kuelekea ukutani: "Limekubali, ndugu yangu." Upande wa pili mke alipiga kigelegele kimoja, kifupi.

Jumamosi alifika na betri ya kontena lake begani, akajaza maji, akajaza dizeli, akatoa upepo kwenye mabomba. Alikuwa bado juu ya kiti cha trekta aliposikia lori likiingia uani. Mdogo wa mgonjwa akateremka, mtu mnene mwenye haraka, na nyuma yake mnunuzi wa vyuma, mgeni kabisa sehemu zile, kofia ya kitambaa kichwani, akaanza kushusha mitungi.

"Fundi Keshokutwa," mdogo mtu akaita. "Leo ndiyo keshokutwa au bado?"

Keshokutwa akamgeuzia sikio la kushoto. Akabonyeza stata. Trekta likaguna, likaguna tena, likatoa wingu jeupe lililojaza banda zima, na likawaka. Likanguruma taratibu, pigo kwa pigo, na bati za paa zikaanza kuimba.

Hapo ndipo alipofanya ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajifunze kazi. Sheria yake ya kwanza, aliyomfundisha kila aliyejifunza kazi kwake, ilikuwa kwamba injini ya trekta ikiwaka, mtu hatoki kitini mpaka aizime. Lakini ukuta ulikuwa pale, na nyuma yake rafiki yake, naye alitaka kuuona uso ule. Akahakikisha gia iko huru, akateremka, akafungua komeo la ndani la mlango mdogo wa pembeni, akatoka, akaingia chumbani.

Mke alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa mgonjwa ulikuwa wazi kabisa, kiganja juu. Alikuwa hai. Macho yalikuwa hai kuliko siku zote, yametazama ukuta, na midomo ilikuwa inatafuta kitu. Wakasubiri. Neno likatoka, zito, la mtu aliyesahau njia, lakini likaeleweka.

"Nani yuko kitini?"

Mke akaangua kilio cha furaha. Keshokutwa akainama.

"Hakuna mtu, ndugu yangu. Nimeliacha linajipasha moto."

Mgonjwa akamtazama kama watu wanavyomtazama mtoto anayesema uongo wa kwanza. Na katika kutazamana kule, nyuma ya ukuta, sauti ya injini ikapanda. Haikupanda kwa kuyumba. Ilipanda polepole, ikakaa, kama mtu aliyesogeza mkono wa kuongezea mafuta akasikiliza, akaridhika.

Keshokutwa alirudi bandani mbio. Moshi ulikuwa unapungua. Kiti kilikuwa kitupu. Mkono wa mafuta, ule ambao hausogei bila kuvutwa kwa nguvu, ulikuwa umevutwa nusu. Mlangoni alisimama yule mnunuzi wa vyuma, kofia ameivua ameishika kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosewa adabu.

"Fundi," akasema, "huyo mzee wako wa kwenye trekta hana masikio? Nimemwamkia mara mbili, ananitazama tu."

"Mzee gani?" akauliza mdogo mtu, aliyekuwa nyuma yake.

"Huyo aliye..." Mnunuzi akageuka, akaonyesha kwa kofia. Kofia ikabaki hewani. Alitazama kiti, akatazama nyuma ya gurudumu, akatazama mlango wa pembeni alikoingilia fundi.

Keshokutwa akavuta waya wa kuzimia, injini ikanyamaza, na paa likanyamaza baada yake. Mitungi ikapandishwa lorini na watu wawili waliokuwa wakigongana kwa haraka. Mdogo mtu hakuuliza habari za chuma chakavu tena, si siku ile wala baadaye, na hakukanyaga tena ndani ya banda.

Trekta likabaki. Walimpata dereva wa zamu, mtu mzima mwenye makengeza, likalima msimu ule na uliofuata, mpaka kile kipande cha chini, duara zote zikafukiwa. Mgonjwa hakupata miguu tena, lakini mkono ulishika kijiko na maneno yalimrudi machache machache. Keshokutwa akaanza kwenda kila Jumapili. Alikuwa amejifunza kukaa. Walizungumza habari za mwalimu wao mkali, za mvua, za dada mtu na ulimi wake. Mgonjwa aliishi hivyo karibu miaka miwili, na mkewe husema hiyo ndiyo miaka aliyoolewa mara ya pili.

Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua mgonjwa. Ikitokea Jumapili dereva analiwasha trekta nyuma ya ukuta, alikuwa akimtaja aliye kitini: "Makengeza huyo." Au, kama ni mkewe anajaribu, "Mama huyo, anavuta mafuta sana." Hakukosea hata mara moja. Kisha angemgeukia Keshokutwa, amshike mkono kwa ule mkono wake uliofunguka, asubiri kidogo, aulize kwa upole, kama mtu anayedai jibu la barua aliyoandika zamani. Aliuliza hivyo mpaka Jumapili yake ya mwisho.

"Na siku ile ya kwanza, ndugu yangu, nani alikuwa kitini?"